Ngapi, na upande gani?

Julai 2021 nilipitiliza kituo. Ofisi yetu iko Kendall, Cambridge, ng'ambo ya mto ukitokea Boston, na asubuhi napanda treni ya Red Line pale Fields Corner, Dorchester, chai ya tangawizi mkononi. Siku hiyo macho yalikuwa kwenye simu. Bob Moses amefariki akiwa na miaka 86. Jina lake nililijua juu juu tu, kama yalivyo majina mengi ya wapigania haki wa Marekani, kwa hiyo nilikuwa nasoma kwa adabu, kama unavyosikiliza msiba wa ukoo wa mbali. Nikafika kwenye mstari unaosema kwamba kati ya 1969 na 1976 aliishi Tanzania, akifundisha hesabu. Nikafungua ukurasa mwingine. Alifundisha Same.

Same yetu! Same ya upepo na vumbi, mabasi ya Arusha yanasimama abiria wachungulie dirishani na kununua maji, milima ya Upare imekaa nyuma kama wazee barazani. Mama yangu aliuza sokoni tangawizi iliyoshuka kutoka Mamba Miamba. Nimekulia mji ule, nimehesabu mabasi yake, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba Mmarekani Mweusi aliyepasuliwa kichwa kwa ajili ya kura aliwahi kushika chaki pale.

Nilipoinua uso treni ilikuwa imeshaondoka Kendall. Nikashukia Central, nikavuka upande wa pili, nikarudi kituo kimoja. Hicho kituo kimoja kina habari yake, nitaifikia.

Moses alizaliwa Harlem mwaka 1935, akasoma falsafa Harvard, akawa mwalimu wa hesabu New York. Mwaka 1961 alikuwa Mississippi, akiandikisha Weusi kupiga kura. Kujiandikisha kule hakukuwa suala la kupanga foleni na kitambulisho. Mwombaji alichaguliwa kifungu kimoja cha katiba ya jimbo, yenye vifungu 285, akakisoma, akaandika maana yake, na karani wa wilaya, Mzungu, ndiye aliyeamua kama maelezo yametosha. Unaweza kuona mwenyewe yalitosha kwa nani. Katika mji mdogo unaoitwa Liberty, yaani Uhuru, Moses alipigwa akiwapeleka watu kujiandikisha. Akashonwa nyuzi, kisha akafanya jambo ambalo halikuwa la kawaida kule: akamshtaki aliyempiga. Jopo la Wazungu watupu likamwachia mtu wao.

Baadaye jaji mmoja alitaka kujua kwa nini watu wasiojua kusoma wanapelekwa kujiandikisha. Jibu la Moses, nikilieleza kwa maneno yangu, ni kwamba nchi haiwezi kuwanyima watu shule kwa mpango, halafu iwanyime kura kwa sababu hawana shule. Shikilieni hapo, kwa sababu mtu huyu alirudi kwenye hoja hiyohiyo miaka ishirini baadaye, safari hii kwa namba.

Alipoitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam alikimbilia Canada, na kutoka huko ndipo yeye na mkewe Janet wakaja kwetu. Mabinti zake wanaitwa Maisha na Malaika. Huhitaji kamusi.

Mwaka 1982 familia ilikuwa imesharudi Marekani, wanaishi Cambridge, na Maisha anaingia darasa la nane. Baba akauliza aljebra inaanza lini. Shule haikuwa na aljebra darasa la nane.

Kwa msomaji aliyesoma Tanzania hilo linaweza kuonekana dogo, kwa hiyo nieleze ngazi ya huku inavyopandwa. Aljebra ikianza darasa la nane, kuna miaka ya kutosha ya kupitia jiometri na aljebra ya pili hadi kufika kalkulasi kabla ya kumaliza sekondari, na kalkulasi ndiyo vyuo vya uhandisi na sayansi ya kompyuta vinatazamia kukuta kwenye karatasi yako. Ikianza darasa la tisa, umebanwa. Ikianza la kumi, ngazi inaisha ukiwa bado katikati. Hakuna anayekufukuza. Hakuna barua. Unafaulu kila mwaka, unapigwa picha na joho, na siku ya kuomba chuo unakuta mlango ulifungwa ukiwa na miaka kumi na mitatu, siku ambayo hata huikumbuki.

Mwalimu wa Maisha akamkaribisha baba aje darasani awafundishe yeye na wenzake wachache. Moses akaja, akafundisha, na akiwa pale akatazama darasa zima. Waliopangwa kundi la juu la hesabu walikuwa wengi wao Wazungu. Waliopangwa la chini walikuwa wengi wao Weusi. Alikuwa amemkuta tena yule karani wa Mississippi, ila sasa karani hakuwa na sura, alikuwa ratiba ya masomo. Mwaka huohuo alikuwa amepewa ruzuku ya MacArthur, ile ya miaka mitano wasiyokuuliza umeitumiaje, akaitumia kuanzisha Algebra Project, mradi wa kuwafundisha watoto aljebra.

Sasa ile treni. Moses aligundua kwamba watoto wengi wanakwama kwenye aljebra kwa sababu tangu chekechea wamezoea namba ijibu swali moja tu: ngapi? Maembe mangapi, shilingi ngapi. Aljebra inaongeza swali la pili kimyakimya: upande gani? Tatu ya kwenda na tatu ya kurudi si kitu kimoja, na mtoto asiyeambiwa hivyo atakariri kanuni za alama za kutoa mpaka achoke. Basi akawachukua watoto wakapanda Red Line. Wakarudi darasani wakachora safari. Wakaieleza kwa maneno ya kawaida, ya mtaani. Kisha wakayanyoosha maneno hayo mpaka yakabaki yanayobeba hesabu tu: kituo cha kuanzia, umbali, upande. Alama zilikuja mwisho kabisa. Ukiifanya Central kuwa sifuri, Kendall ni moja chanya na Harvard ni moja hasi. Mimi asubuhi ile nilikwenda moja zaidi upande mmoja, nikarudi moja upande wa pili, na jumla yangu ilikuwa sifuri na kuchelewa kikao.

Kendall ndiyo penye ofisi za kampuni kubwa za programu na maabara za dawa, majengo ya vioo yaliyosongamana hadi unakosa jua. Ni kituo kimoja kutoka Central. Shule ya Maisha iko Cambridge hiyohiyo. Mtoto wa pale anaweza kwenda Kendall kwa miguu akala aiskrimu na kurudi, na akakua hadi uzee bila kuingia jengo hata moja isipokuwa na ndoo ya usafi.

Mimi niliingia. Na hapa lazima nijiseme, maana ndilo jambo lililonifanya niandike.

Mwaka 2014 Google ilitangaza kwa mara ya kwanza wafanyakazi wake ni watu wa aina gani. Weusi walikuwa asilimia 2, na kwenye kazi za ufundi wenyewe, asilimia 1, katika nchi ambayo Weusi ni kama asilimia 13. Kampuni nyingine zikafuata na namba zinazofanana. Kukawa na makongamano, ahadi, fulana. Siku hizi kampuni kadhaa zimepunguza ahadi hizo au zimeziacha kabisa, lakini miaka michache iliyopita, kwenye kampuni yetu ambayo sitaitaja, tulionyeshwa chati. Idara ya watu zaidi ya mia, Weusi watatu. Mkubwa wetu akasema mwaka juzi alikuwapo mmoja, kwa hiyo tunakwenda vizuri. Watu wakapiga makofi.

Nikawatazama wale watatu. Mmoja ni mimi, wa Same. Wa pili kasoma Ibadan. Wa tatu kasoma Addis Ababa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekanyaga shule ya msingi ya Marekani. Chati ilijibu ngapi. Hakuna aliyeuliza tumetoka upande gani, na tungeulizwa, makofi yangekuwa na aibu kidogo, maana watoto wa Dorchester wanaopita chini ya dirisha letu hawakuongezeka hata mmoja.

Sisemi kwamba sisi ni wajanja kuliko wao. Upuuzi huo nimeusikia mezani kwa Waafrika wenzangu, mtu anakula wali wa watu huku anasema hawa Weusi wa hapa hawapendi shule. Mimi nilisoma aljebra kwa sababu moja ya kawaida sana: kwetu hisabati ni lazima hadi kidato cha nne, na kila aliyekaa kwenye benchi lile, mtoto wa mwalimu au wa mkata mkonge, aliipata. Nakumbuka kidato cha kwanza mwalimu aliandika 3x ubaoni, kijana wa nyuma akanyoosha mkono, “Mwalimu, hiyo ni herufi au ni alama ya kuzidisha?” Tulicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema ndilo swali zuri kuliko yote wiki hiyo, akatumia kipindi kizima. Ninachotaka mkione ni kwamba yule kijana alikuwa darasani. Hakuna aliyetazama rangi yake akampangia hesabu nyepesi, kwa kuwa sote tulikuwa na rangi moja.

Wala nisiwapambe watu wa nyumbani. Enzi za Moses Same, walioingia sekondari Tanzania walikuwa wachache mno. Chujio lilikuwa mwisho wa shule ya msingi. Na hadi leo hesabu ndilo somo linaloangusha wengi kuliko yote kwenye mtihani wa kidato cha nne. Tunakosea kwa namna yetu.

Lakini kosa la Marekani lina tarehe. Chukua Farmville, Virginia. Pale kulikuwa na sekondari ya Weusi, Robert Russa Moton, na miongoni mwa walimu wake wa hesabu alikuwa Dorothy Vaughan. Mwaka 1943 aliondoka kwenda Langley, kwenye kituo cha utafiti wa ndege ambacho baadaye kikawa sehemu ya NASA, akajiunga na wanawake waliofanya mahesabu kwa mkono, Weusi wakiwa na chumba chao upande wa magharibi. Mwaka 1949 akawa mkuu wa chumba hicho. Mashine zilipokuja kuchukua kazi ya mikono, hakusubiri kufukuzwa: alijifunza FORTRAN, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kisha akawafundisha wenzake. Mmoja wa watangulizi wa taaluma yangu, basi, alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari aliyeendelea kufundisha.

Sasa angalia shule aliyoiacha. Mwaka 1951 wanafunzi wa Moton waligoma, wakiongozwa na msichana wa miaka 16, Barbara Johns, kwa sababu madarasa ya ziada yalikuwa vibanda vilivyoezekwa kwa karatasi ya lami. Kesi yao ikaunganishwa na nyingine, na mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema kutenga shule kwa rangi ni kinyume cha katiba. Wilaya ya Prince Edward, yenye Farmville, ilipolazimishwa kutii mwaka 1959, ilifunga shule zote za umma. Zote. Watoto wa Kizungu wakafunguliwa shule binafsi. Weusi wakakaa nyumbani, au wakapelekwa kwa ndugu mbali, au wakasoma kwenye vyumba vya makanisa. Shule zikafunguliwa tena 1964.

Miaka mitano. Mtoto wa miaka kumi na mitatu mwaka 1959 alikuwa na kumi na minane shule zilipofunguliwa. Ana wajukuu sasa, na hao wajukuu ndio kampuni zinawatafuta kwenye maonyesho ya ajira zikishangaa wako wapi.

Ndiyo maana namna nyingi za “kuwaingiza Weusi kwenye teknolojia” zinanichosha. Mafunzo ya wiki kumi na mbili, mashindano ya usiku mmoja yenye piza na vinywaji, laptopu za msaada zenye nembo kubwa. Si mabaya, yapo yaliyomwokoa mtu ninayemjua. Ila yanaanzia juu ya ngazi. Mwaka 2013, katika majimbo 11 hakuna hata mwanafunzi mmoja Mweusi aliyekaa kwenye mtihani wa AP wa sayansi ya kompyuta, ule wa sekondari unaoweza kukupa pointi za chuo. Si kwamba walifeli. Hawakuwamo chumbani. Baadaye ikaletwa kozi nyingine ya AP, pana zaidi na isiyoogopesha, ikaanza mwaka wa masomo 2016–17, na walioingia wakaongezeka kweli. Lakini kozi ni mlango wa ghorofa ya tatu. Anayeufikia ni aliyepewa ngazi darasa la nane.

Jumamosi nafundisha kwenye chumba cha chini cha kanisa, hatua chache kutoka Fields Corner. Watoto kumi na wawili, siku nyingine tisa. Wahaiti, watu wa Cabo Verde, Wamarekani Weusi wa hapahapa, na kijana mmoja wa Kikongo ambaye mama yake ni wa Uvira. Wananiita anti. Mwanzoni niliwafundisha kama nilivyofundishwa mimi kazini, skrini na sintaksia, yaani kanuni za kuandika programu, na wakasinzia. Baada ya kusoma habari za Moses nilifunga laptopu nikawapandisha treni.

Tuliporudi niliwaambia waandike programu ndogo kwa Python, lugha ya siku hizi ya kompyuta: ukiwa Central, taja namba, ikupe kituo. Kijana wa Uvira akaanza orodha na Central, kisha Kendall, Charles, Park Street, akaendelea mpaka Ashmont mwisho wa reli. Orodha akaiita vituo, kwa Kiswahili, ili jirani yake asimwibie. Python huanza kuhesabu na sifuri, kwa hiyo Central ikaangukia sifuri bila shida, na vituo[1] ikatoa Kendall. Akashangilia. Akaandika vituo[-1], akisubiri Harvard.

Ikatoka Ashmont.

“Kompyuta imekosea,” akasema binti mmoja wa Kihaiti aliyekuwa anachungulia.

“Haijakosea,” kijana akasema baada ya kuikodolea macho. “Harvard hatukuiweka. Hasi kwake ni kuhesabu kutoka mwisho. Haijui upande wetu.”

Nikanyamaza. Ni kazi ngumu kunyamaza ukiwa mwalimu. Wakabishana kama dakika ishirini, wakachora reli nyuma ya tangazo la ibada. Hatimaye binti akasema orodha ianze Alewife, mwisho wa upande mwingine. Alewife sifuri, Davis moja, Porter mbili, Harvard tatu, Central nne. “Sifuri yake iko Alewife, yetu iko Central. Basi kila tunachosema sisi, aongeze nne.” Wakajaribu hasi moja: hasi moja na nne, tatu, Harvard. Moja: tano, Kendall. Wakajaribu hasi nne wakafika Alewife. Yule binti shuleni amepangwa hesabu ya chini, na hapo alikuwa ameandika mlinganyo kwa kalamu ya mdomo, maana penseli ilikuwa imevunjika.

Wiki mbili baadaye mama wa kijana alibaki watoto walipoondoka. Akatoa karatasi kwenye pochi, imekunjwa mara nne.

“Dada, hii karatasi njo inasema nini? Wanataka niweke sahihi kesho.”

Ilikuwa fomu ya shule ya kupanga kundi la hesabu la mwaka ujao, darasa la nane. Visanduku viwili. Cha Hesabu ya Darasa la Nane kilikuwa kimeshatiwa alama kwa mashine. Cha Aljebra kilikuwa kitupu. Sababu: mwanafunzi bado anajifunza Kiingereza. Nikamsomea pole pole. Akakaa kimya, kisha akaniuliza kama hasi moja ya Kiingereza ni tofauti na hasi moja ya Uvira.

Hatukutia sahihi. Tulikaa pale hadi mlinzi wa kanisa akaanza kuzima taa, tukaandika barua, maneno yake, Kiingereza changu, tukaomba kijana apewe mtihani wa kuingia aljebra kama wengine. Tukaambatisha nakala ya ile programu. Nilitaka kuandika mengi, ya Mississippi na ya Farmville, mama akanizuia. “Wewe andika tu mtoto anajua.”

Jibu limekuja jana kwa barua pepe, mistari mitatu, bila salamu. Mtihani ni Alhamisi saa tatu asubuhi, chumba namba 114, mwanafunzi aje na penseli. Mama amenipigia simu mara mbili kuuliza penseli ziwe ngapi.